Maneno Matatu Mazito

Baba alinawa mikono mara mbili kabla ya kuigusa karatasi. Mara ya kwanza alitumia sabuni ya kufulia, mara ya pili sabuni ya kuogea ya mama, ile ambayo mtu mwingine hakuruhusiwa hata kuinusa, na bado weusi wa grisi ulibaki umejificha kwenye mikunjo ya vidole. Alijifuta, akavuta kiti, akaketi wima mezani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kisha akamsogezea bintiye kalamu.

"Haya, Kamusi," alisema. "Leo tutaona kama macho unayoyamaliza kwa kusoma yana faida."

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa kidato cha nne, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa heshima, na mwishowe likamfuata hadi nyumbani likamganda. Mwaka ule darasa lao lilikuwa likisoma riwaya ya Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa mwisho: kitabu chembamba chenye jalada la kijani, habari za bwana mmoja wa nchi ya theluji ambaye rafiki yake alizama katika mto ulioganda. Wengi walikisoma kwa kukunja uso, kama wanaokunywa dawa. Kamusi alikisoma kama mtu anavyotafuna muwa, haliachi neno mpaka litoke utamu wote. Kila Jumatatu mwalimu wao wa Kiingereza, mtu mpole mwenye miwani iliyoshikizwa sikioni kwa uzi, aliandika ubaoni maneno ishirini kutoka kitabuni, na mbele ya kila neno maana yake fupi kwa Kiswahili. Aliyetumia neno moja la ubaoni katika insha aliongezewa alama moja. Kamusi hakuwahi kutumia chini ya kumi na matano. Insha zake zilitembea taratibu, zimelemewa, kama bibi harusi aliyevishwa mapambo ya ukoo mzima.

Lakini Jumapili ile mchana haikuwa insha. Jumatano iliyotangulia, bomba la mvuke lilikuwa limepasuka katika kiwanda cha kufulia nguo ambako baba alikuwa fundi wa boila. Kiwanda kile kilifua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Baba ndiye aliyewasha boila alfajiri na kuhakikisha mvuke unafika, kupitia bomba refu la ukutani, hadi kwenye mashine kubwa ya kunyooshea mashuka. Mashine hiyo iliendeshwa na rafiki yake wa miaka kumi na mmoja, mtu mfupi mwenye maneno mengi, ambaye kila mtu alimwita Shuka. Siku ya ajali mvuke ulimwunguza mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko. Na sasa uongozi ulitaka kila mhusika alete maelezo kwa maandishi, kwa Kiingereza, kwa sababu wenye kiwanda waliishi mbali na hawakujua lugha nyingine. Baba aliishia darasa la saba. Kiingereza chake kilikuwa kile cha kwenye vibandiko vya mitambo: hatari, moto, usiguse.

"Andika hivi," alisema akifumba macho. "Kwanza, ninasema wazi kwamba lile bomba lilikuwa bovu. Pili, nilimwambia msimamizi mara tatu kwa mdomo wangu: mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, na wiki moja kabla ya ajali. Tatu, nina huzuni kubwa kwa yaliyompata mwenzangu. Kwangu yeye ni kama ndugu wa tumbo moja." Akafumbua macho. "Basi. Maneno ni hayo."

Kamusi aliyaandika kwanza kwa Kiswahili pembeni ya daftari, kisha akayatazama. Yalimtia haya. Yalikuwa yamesimama pale makavu, kama mtu aliyeingia ukumbini na ndala. Maneno ya baba yangekwenda mbele ya wakubwa, watu waliosoma, na yangefika yakiwa hivi? Kwenye kitabu cha kijani, yule bwana alipomwandikia mjane wa rafiki yake, barua ilianza kwa neno "confess", na mwalimu alikuwa ameliandika ubaoni: kusema wazi. Hapo hapo kulikuwa na "intimate" lenye maana ya kumwambia mtu jambo, na ukurasa wa mwisho wa barua ulibeba "remorse", huzuni nzito. Matatu kwa matatu. Ilikuwa kana kwamba yule bwana wa theluji alikuwa amemkatia baba suti ya kipimo chake.

Alipofika kwenye neno la kwanza kalamu ilisita. Aliwahi kulisikia mahali pengine, katika taarifa ya habari ya Kiingereza, likienda pamoja na polisi na mahakama. Wasiwasi ukampitia, mdogo kama kokoto katika kijiko cha wali. Angeweza kuutema. Lakini neno lilikuwa zuri, nalo lilisimama vizuri mwanzoni mwa sentensi. Akameza.

"Soma nisikie," baba alisema.

Akasoma. Baba alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anavyosikiliza pampu.

"Lile la mwisho, rudia."

"Remorse."

"Linanguruma. Ni neno zito?"

"Zito sana, baba. Darasani tunalitumia wawili tu."

"Basi libaki," baba alisema. "Shuka anastahili neno zito."

Akatia sahihi yake kwa uangalifu mkubwa, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo, na mama akaikunja barua na kuiweka katika bahasha.

Alhamisi Kamusi alirudi kutoka shuleni akamkuta baba nyumbani. Hilo halikuwahi kutokea siku ya kazi. Alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa jiko, anafunga bawaba iliyokuwa imelegea kwa miaka miwili, skrubu tatu akiwa amezibana midomoni. Mama alimvuta Kamusi pembeni.

"Unga umemwagika," alinong'ona. "Usimuulize kitu."

Lakini baba alianza mwenyewe, baada ya kuitema skrubu ya mwisho. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na msimamizi ameketi mwishoni akiwa na barua mkononi. Hawakumwuliza maswali. Walimsomea uamuzi.

"Wanasema nimekiri," alisema. Aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena kusikiliza kama bado unalia. "Nikawauliza, nimekiri nini? Wakasema nilijua bomba bovu, nikamdokeza msimamizi kwa mbali badala ya kusema, na sasa najuta. Wakanionyesha karatasi. Sahihi ni yangu." Akacheka kicheko kifupi kisichofika machoni. "Watu wakiamua kukugeuza, hata salamu yako wataigeuza."

"Ukate rufaa," mama alisema. "Si wamekupa siku kumi?"

"Nitakata kwa kutumia nini? Karatasi yangu mwenyewe ndiyo shahidi wao." Kisha akamwona binti yake amesimama na mkoba bado begani, akadhani ameelewa kile alichokiona usoni mwake. "Wewe usijitie unyonge, mwanangu. Barua yako ilikuwa nzuri. Msimamizi mwenyewe amesema Kiingereza kile ni cha mtu aliyesoma."

Kamusi alikwenda uani, akasimama kwenye kamba ya nguo, akaanza kuzianua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Kudokeza. Baba hakulitamka neno hilo Jumapili. Wala kujuta. Wala kukiri. Maneno hayo yalitoka wapi?

Maktaba ya shule ilikuwa chumba kimoja chenye kabati mbili, na kamusi kubwa ilifungiwa katika ile yenye kioo, kwa kuwa kurasa zake ziliwahi kuchanwa. Ijumaa, wakati wa mapumziko, aliomba ufunguo. Alianza na la mwisho kwa sababu ndilo lililompendeza zaidi. Kitabu kilisema ni majuto makali ya mtu kwa ubaya alioutenda. La kati: kutoa habari kwa njia ya fumbo, kudokeza bila kusema wazi. La kwanza lilikuwa na maelezo marefu, na juu kabisa, kabla ya maana nyingine zote, kulikuwa na kukiri kosa. Kusema wazi kulikuwapo, lakini chini, kama mtu aliyekuja amechelewa akapata nafasi ya nyuma. Aliyasoma yote mara mbili. Baba alikuwa amesema, niliwaambia na sikukosa. Yeye akaandika, nilijua, nikanong'ona, nikakosa.

Alimkuta mwalimu mlangoni mwa chumba cha walimu, rundo la madaftari kwapani.

"Mwalimu, remorse ni huzuni?"

"Huzuni nzito. Tuliandika."

"Ya mtu yeyote? Hata asiyekosa?"

Mwalimu alihamisha madaftari kwapa la pili. "Kwa mtihani wako, jibu hilo linatosha."

"Si kwa mtihani, mwalimu."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake kilichomfanya mwalimu amtazame vizuri. Akavua miwani, uzi ukamning'inia shingoni, na bila miwani alionekana kijana kuliko alivyokuwa na pia mchovu zaidi.

"Yule bwana wa kitabuni," alisema polepole, "ndiye aliyemwambia rafiki yake kwamba barafu ni imara, apite. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi huzuni yake ilikuwa ya mkosaji. Nilipaswa kuandika majuto." Akaifuta miwani kwa shati. "Mimi nilipewa hivyo, na aliyenipa naye alipewa hivyo. Maneno ishirini kila wiki, ubao mmoja. Mtu hufupisha." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Umeliandika wapi?"

"Hakuna mahali, mwalimu," Kamusi alisema, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jambo lile. Alasiri hiyo hiyo mwalimu alirudisha insha, na ya Kamusi ilisomwa mbele ya darasa. Wenzake walipiga makofi. Alitazama meza yake mpaka yakaisha.

Alidhani angemwambia baba jioni ile. Hakumwambia. Jumamosi baba alitengeneza bomba la maji, kigoda, na redio ambayo haikuwa imeharibika. Alifanya kazi kwa bidii ya kutisha, na kila alipomaliza kitu alizungusha macho nyumbani akitafuta kingine kilicholegea. Kamusi alimpelekea chai, akamshikia bisibisi. Huzuni alikuwa anaijua tangu zamani. Ilikuwa kitu cha kukuta, kama mvua njiani. Unaloa, unafika nyumbani, unakauka. Hiki cha sasa hakikumkuta njiani. Kiliamka naye, kikaketi naye kula, kikamwita jina lake lile la heshima.

Jumapili mke wa Shuka alikuja. Hakuingia. Alisimama kizingitini na bakuli la mama mkononi, lile lililopelekwa na uji wa mgonjwa siku ya tatu baada ya ajali.

"Nimerudisha chombo," alisema.

"Karibu ndani, mdogo wangu. Mgonjwa anaendeleaje?" mama aliuliza.

"Yupo. Wamemruhusu kurudi nyumbani, anakwenda kusafishwa kidonda kila baada ya siku moja." Hakumtazama baba, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama. "Msimamizi alikuja kumwona. Akamsomea barua, akamfasiria. Mume wangu hakuamini, akaomba arudiwe. Miaka kumi na mmoja, shemeji. Ulijua bomba litamwua, ukamwacha asimame pale? Basi ungemdokeza na yeye."

"Shemeji, nisikilize—"

"Ameomba usije," mwanamke alisema, akaliweka bakuli sakafuni kwa sababu hakuna aliyelipokea, akaondoka.

Baba alibaki ameliangalia lile bakuli. Kufukuzwa kazi kulikuwa kumemkasirisha, na hasira ilimpa nguvu ya kufunga bawaba na kuzibua mabomba. Hili lilimkalisha chini. Aliketi kwenye kigoda alichokitengeneza jana, mikono imelala mapajani, viganja juu. Kamusi aliona asingeweza kuvumilia kuviangalia viganja vile hata kwa muda wa kuhesabu kumi. Akaenda chumbani, akaleta daftari.

"Baba. Si wao waliogeuza. Ni mimi."

Alimwambia yote, neno kwa neno, kidole kikiwa kwenye mstari. Hili ulisema hivi, nikaandika hivi, kumbe maana yake ni hivi. Jikoni kisu cha mama kilikuwa kinakatakata kwenye ubao, kikanyamaza. Baba hakumkatiza. Alipomaliza, baba alimwomba aseme tena lile la mwisho, lile lililonguruma, na Kamusi akalisema kwa sauti ndogo, na mara hii halikunguruma.

"Ulipokuwa unaandika," baba aliuliza, "ulijua?"

"Sikujua, baba."

"Hata kidogo?"

Hapo ndipo pangekuwa rahisi kuponea. Mwalimu alikuwapo wa kubeba lawama, na ubao, na waliomfundisha mwalimu. Kamusi alirudisha kidole kwenye mstari wa juu.

"Lile la kwanza. Nilikuwa na shaka."

"Mbona hukuniuliza? Nilikuwa nimeketi hapo mbele yako."

"Lilikuwa zuri," alisema, akaanza kulia. "Niliona maneno yako... niliyaonea haya."

Baba aliinuka, akatoka nje. Mama alitokea mlangoni mwa jiko, akamtazama binti yake kwa macho ambayo hayakuwa ya ukali wala ya huruma, macho ya mtu anayesubiri maji yachemke ajue la kufanya. Muda mrefu ulipita. Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja chumbani, akatoka amevaa shati lake la kola.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda kwa baba yako mdogo."

"Amesema usiende," mama alisema.

"Nimesikia alivyosema."

"Na ofisini, baba? Rufaa?"

"Ofisini kesho. Kwanza kwa aliyeungua."

Shuka aliishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambayo siku hiyo ilikuwa imefungwa. Walimkuta ameketi kitandani karibu na dirisha, mkono wa kulia umeviringwa bandeji nene na kulazwa juu ya mto kama mtoto mchanga. Alikuwa amekonda. Yule mtu wa maneno mengi aliwaona, akageuza uso kuelekea ukutani. Mkewe hakuwapa viti.

"Sikuja kujitetea," baba alisema, akiwa bado mlangoni. "Huyu ana neno. Msikilize yeye, kisha ukitaka tuondoke tutaondoka."

Kamusi alikuwa amejipanga njiani. Alikuwa na sentensi. Zote zilimtoka kichwani, akabaki na zile zilizo fupi. Alisema barua ile aliiandika yeye. Alisema baba hakuelewa kilichoandikwa, na yeye mwenyewe hakuelewa vizuri, lakini alijifanya anaelewa. Alisema, "Nilitaka ipendeze."

Shuka akauliza, bado anaangalia ukuta: "Baba yako alisema nini? Si ulichoandika. Alichosema."

Yalikuwa pembeni ya daftari, lakini hakuhitaji kulifungua. Aliyasema yote matatu kama baba alivyoyasema, miezi ikiwa imetajwa, na alipofika kwenye ndugu wa tumbo moja aliona bega la Shuka likishuka. Mgonjwa aligeuka. Macho yake hayakumtafuta Kamusi, yalimtafuta baba.

"Kaa chini, Fundi," alisema. "Mke wangu, wape viti. Na wewe, Kamusi, una karatasi humo?"

"Ninayo, baba mdogo."

"Andika. Maelezo yangu niliandikiwa wodini, nikasema sikumbuki kitu. Nakumbuka." Akavuta pumzi. "Kila asubuhi fundi wa boila hugonga bomba mara mbili kwa spana. Nikisikia, ndipo nifungue koki ya mvuke, tena polepole, bomba lipate joto. Siku ile malori mawili ya hospitali yalikuwa yananisubiri mlangoni. Nilifungua kabla hajagonga. Nilifungua yote kwa mara moja."

"Shuka," baba alisema. "Acha hayo."

"Mume wangu!" Mkewe alikuwa ameshika mgongo wa kiti, hajakiweka chini. "Wakisoma kwamba ulikosea, nani atakutibu? Si wamesema hospitali wanaigharamia kwa sababu kosa ni la mwingine?"

Kamusi alimtazama baba yake, akitarajia kuona mshangao. Hakuuona. Na hapo akaelewa, taratibu, jambo likifuata jambo. Asubuhi ile baba alikuwa kwenye chumba cha boila, spana mkononi, hajagonga. Aliusikia mvuke ukipita kabla ya wakati wake. Alijua tangu dakika ile. Aliketi mezani Jumapili, akafumba macho, akatoa sentensi tatu, na ya nne akaiacha ndani. Binti yake alikuwa ameona maneno yale ni machache, akayaonea haya, wala hakuuliza kwa nini ni machache.

"Bomba zima halipasuki kwa koki kufunguliwa ghafla," baba alisema. "Linatikisika, linapiga kelele, basi. Lile lilikuwa bovu. Kosa ni la walioambiwa wakakaa kimya."

"Najua. Aandike na hilo. Lakini ulikuwa unyamaze mpaka lini?"

Baba alitazama ile bandeji. "Mpaka mkono upone."

Shuka alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Niliposomewa kwamba unajuta," alisema, "nilishusha pumzi, Fundi. Usidhani nililia. Nilifurahi. Nilisema, kumbe siyo mimi. Nikamtuma huyu arudishe bakuli haraka, usije ukanitembelea nikakuona uso."

Mke wa Shuka aliweka kiti chini hatimaye, lakini si kwa ajili ya mtu. Alikiweka tu, akaenda kusimama mlangoni, mgongo umewaelekea.

Kamusi alikuwa ameandika hadi kwenye malori. Kalamu ikasimama.

"Baba mdogo," alisema. "Niandike ulifungua kabla ya wakati, au ulifungua kabla hajagonga?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Sidhani. Ukisema kabla ya wakati, watasema ulizembea, wataishia hapo. Ukisema kabla hajagonga, wataona kwamba fundi na mwendeshaji walikuwa wanaongea kwa spana, kwa sababu hakuna kengele." Aliona wote wawili wanamtazama, akaona haya, lakini haya ya aina nyingine. "Sijui. Ndiyo maana nauliza. Ulitaka kusema lipi?"

Midomo ya Shuka ilikuwa ikiyajaribu, hili na lile.

"Kabla hajagonga," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Akaandika hivyo. Akaandika na ubovu wa bomba, na malori, na kwamba Shuka mwenyewe aliwahi kumsikia baba akimwambia msimamizi, mwezi wa tatu, mbele ya mashine. Kila sentensi aliisoma kwa sauti kabla ya kwenda kwenye ifuatayo. Mara mbili Shuka alisema siyo, Kamusi akafuta. Ilichukua alasiri yote, na haikujaza hata ukurasa mmoja.

"Utaibadili kuwa Kiingereza lini?" Shuka aliuliza.

Kamusi alimtazama baba.

"Itakwenda hivyo hivyo," baba alisema. "Yake na yangu. Wao ndio watafute wa kuwafasiria, na huyo naye atie sahihi yake chini."

Ikabaki sahihi ya Shuka. Kamusi aliweka daftari chini ya karatasi, akailaza kwenye godoro upande wa kushoto, kisha akaupa kalamu mkono ambao haukuwa umewahi kuandika. Shuka aliishika kama mtu anayeshika mdudu asiyemjua. Alipoanza herufi ya kwanza karatasi ilikimbia. Akairudisha kwa kiwiko, akaanza tena, ikakimbia tena, na wino ukaacha mkia mrefu pembeni. Baba alinyanyuka nusu kutoka kitini, akajizuia, akaketi.

Mke wa Shuka alikuwa amegeuka. Aliitazama karatasi ikiteleza mara ya tatu. Kisha akaja, akapiga magoti kando ya kitanda bila kumtazama mtu yeyote, akaibana kwa viganja vyake vyote viwili.